Kuanzisha kikundi cha elimu jumuishi kwenye kata yako, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu habari za majukumu. Naandika hii kuhusu kikundi cha elimu jumuishi, yani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, mana kila mwezi kuna mtu ananipigia simu namuelezea kipande kipande halafu salio linaisha. Anakuwa ni mwalimu mwenzangu wa kitengo cha elimu maalumu huko wilayani, ananiambia yuko peke yake ana watoto kumi na nane chumba kimoja, watatu viziwi, wawili wana mtindio wa ubongo, mmoja ana usonji, mmoja haoni vizuri, na waliobaki wameandikiwa tu "ulemavu wa akili" na hakuna aliyewahi kuwapima, afu walimu wengine wa shule hiyo hiyo wakipata mtoto anayewashinda wanasema huyo mpeleke kwa mwalimu wa kitengo. Mwalimu mwenyewe alisoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, akachukua fani moja, tuseme uziwi, sasa anategemewa ajue nukta nundu, yale maandishi ya kugusa ya wasioona, ajue usonji, ajue na kumlisha mtoto anayepaliwa. Haiwezekani. Hakuna mtu mmoja anayejua yote hayo, na ndo mana tunahitaji kikundi, na kikundi siyo lazima kiwe kikubwa wala kisajiliwe popote ili kianze kazi.

Naongelea Tanzania bara, kata ya kawaida yenye shule za msingi tano sita hivi, mana huko ndo nafanyia kazi. Wenzetu Zanzibar wanaita elimu mjumuisho na wana utaratibu wao wa muda mrefu, ila mengi humu yatawafaa pia.

Kabla ya hatua yoyote kuna jambo moja naomba ulishike. Kikundi kinaishi kama kila mkikutana mnamjadili mtoto mmoja wa kweli, yuko darasa fulani, na Jumatatu atarudi shule. Mkianza kujadili elimu jumuishi kwa ujumla kinakufa. Nimeshakuwa kwenye kikundi kilichokufa hivo, tulianza watu arobaini, tukachagua mwenyekiti na katibu na mweka hazina, tukaandika katiba ya kurasa kumi na moja, tukabishana vikao viwili kuhusu rangi ya tisheti, na mwezi wa tatu tulibaki sita. Miezi yote mitatu hatukumtaja mtoto hata mmoja kwa jina lake. Inaniuma mpaka leo, mana kwenye wale arobaini kulikuwa na mama ambaye alikuja mara mbili na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka nane, akakaa nyuma akasikiliza habari za katiba, akaondoka hakurudi.

Hatua ya kwanza, tafuta watu watano

Watano tu, wakizidi saba wengine waambie wasubiri kidogo. Ila hao watano wasiwe wote walimu wa kitengo, mkiwa wote wa fani moja mtaliwazana vizuri mkarudi nyumbani na kila kitu kiko vile vile.

Wa kwanza kumtafuta ni mwalimu wa darasa la kawaida, ikiwezekana wa darasa la kwanza au la pili, mwenye watoto tisini na anayelalamika. Ndiyo, yule anayelalamika, mana anayelalamika anamuona mtoto, yule anayesema "kwangu hamna shida" mara nyingi hajui hata nani amekaa nyuma. Kama shule ina watoto 900 na daftari linaonyesha wenye ulemavu ni wanne basi kuna watoto hawajaonekana. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, ni kweli kwa watoto inakuwa pungufu ya hapo mana ulemavu unaongezeka na umri, lakini wanne kati ya 900 hapana.

Wa pili mzazi, na siyo kama mgeni mwalikwa, awe mwanakikundi kamili mwenye kusema na kupinga. Wa tatu mtu wa afya, nesi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huyu wa jamii ni mzuri sana mana anaingia majumbani na anajua nani amefungiwa ndani. Wa nne wewe mwalimu wa kitengo.

Wa tano, na huyu watu wanamsahau kila mara, ni mtu mzima mwenye ulemavu anayeishi hapo hapo kwenu. Anaweza kuwa kiziwi fundi cherehani, asiyeona anayeuza duka, mwenye ualbino aliyemaliza chuo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimefundisha watoto wasioona miaka mingi na nilikuwa nawashika mkono kuwaongoza chooni, mpaka mzee mmoja asiyeona akaniambia mwalimu unawavuta, mwache yeye akushike juu ya kiwiko atembee nusu hatua nyuma yako, atausikia mwili wako unavopanda na kushuka. Kitu cha sekunde kumi. Kama humjui mtu wa namna hiyo uliza matawi ya CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino, au SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho la vyama vyote hivyo, wilaya nyingi wana viongozi wao.

Hatua ya pili, ofisi zijue mapema

Usianze kimya kimya. Mwalimu mkuu akisikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba mnakutana atadhani mnamsema. Mfuate asubuhi kabla hajazongwa, mueleze kwa mdomo, afu ndo barua. Barua iwe nusu ukurasa: sisi ni fulani na fulani, tunaomba kukutana mara moja kwa mwezi saa fulani shuleni hapa kusaidiana namna ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu, hatuombi pesa. Hilo neno hatuombi pesa linafungua milango mingi. Nakala moja kwa Afisa Elimu Kata, nyingine kwa afisa anayeshughulika na elimu maalumu pale halmashauri.

Na kuna njia rahisi zaidi ambayo wengi hawaitumii. Tayari serikali kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania ina MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na ndani yake kuna jumuiya za ujifunzaji ngazi ya shule na za shule jirani. Shule nyingi zinakutana kwa ajili ya Hisabati au kusoma na kuandika. Omba kikao kimoja kwa mwezi kiwe cha watoto wenye ulemavu, hapo huanzishi kitu kipya, unatumia muda ambao walimu wameshapangiwa na mwalimu mkuu anaandika ripoti yake vizuri. Wazazi na mtu wa afya unawaalika humo humo.

Mtu akikuuliza hii imetoka wapi, mjibu bila ugomvi kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka watoto hawa wasome, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, kifungu cha 24 kinasema elimu jumuishi, na wizara yenyewe iliandaa mkakati wa taifa wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Sema taratibu na uwe na fotokopi, ukimpiga bosi na sheria usoni atakupa ruhusa na hatakusaidia.

Hatua ya tatu, siku na mahali

Siku moja isiyobadilika, kwetu ni Alhamisi ya pili ya mwezi saa nane na nusu mchana. Angalia isigongane na mnada au siku ya kliniki, wazazi hawatakuja. Saa moja na nusu tu, ikifika mwisho mnasimama hata kama utamu umekolea, mtu akijua atawahi kufika nyumbani mwezi ujao anarudi.

Mahali pasiwe na ngazi. Naona kabisa watu wanakutana ghorofani kujadili watoto wa viti mwendo, na mwanachama wao mwenye kiti mwendo anabebwa na vijana wawili mbele za watu, mtu mzima mwenye wajukuu. Chumba kiwe na mwanga usoni kwa anayeongea, asikae dirisha likiwa nyuma yake mana kiziwi hataiona midomo wala mikono. Kama mna mwanachama kiziwi mkalimani wa lugha ya alama ni lazima na huyu ndo gharama ya kwanza mtakayochangia, msimtumie mtoto wa kiziwi kutafsiri, haipendezi na anatafsiri nusu. Na choo kinachoingilika, nendeni mkakikague kabla.

Hatua ya nne, kikao chenyewe

Hapa nitakaa kidogo mana ndo moyo wa jambo lote.

Mwalimu mmoja anakuja na mtoto mmoja, simaanishi ambebe, anakuja na habari zake na daftari zake. Dakika kumi za kwanza yule aliyeleta mtoto mwezi uliopita anasema nini kimetokea. Usiruke hii hata siku moja, hapo ndo watu wanaona kuwa wakisema kitu kinafanyika, au hakijafanyika na kwa nini.

Afu mwenye mtoto anaeleza kwa robo saa, na anaanza na anachoweza mtoto. Mwanzoni watu wanaona aibu wanasema hawezi chochote, usikubali, muulize akiwa na njaa anafanyaje, anacheza na nani, nini kinamchekesha. Baada ya hapo kinachomshinda, na mlichoshajaribu.

Inafuata robo saa ya maswali tu. Maswali, hakuna ushauri. Hii sheria ni ngumu kuliko zote mana sisi walimu tumezoea kujua majibu, mtu atajifanya anauliza "kwani umeshajaribu kumpeleka hospitali?" kumbe anashauri. Msimamizi akate hapo hapo kwa upole. Nina sababu. Tuliwahi kuletewa mtoto wa darasa la pili mwenye ualbino, mwalimu wake alisema mtundu, kila saa anasimama anaenda mbele anasumbua wenzake, anachapwa haachi. Kama tungeruhusu ushauri dakika ile tungemaliza na habari za nidhamu. Ila mama mmoja akauliza tu, akifika mbele anafanya nini? Mwalimu akafikiri akasema, anasimama ubaoni. Anasimama karibu kiasi gani? Pua inagusa. Chumba kizima kikanyamaza. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, macho yanachezacheza na mwanga mkali unawaumiza, mtoto alikuwa anaenda kusoma ubao, na kwa kusoma ubao alikuwa anachapwa. Mwalimu wake alilia pale pale na mimi sikumlaumu, alikuwa na watoto tisini na nne.

Baada ya maswali nusu saa kasoro ya mapendekezo, kila mtu aseme, afu dakika kumi za mwisho mnachagua mawili tu, nani atafanya na mpaka lini. Mawili. Mkichagua tisa hakuna litakalofanyika. Kwa yule mtoto tulichagua kwanza akae mbele upande usio na dirisha na awe na ruhusa ya kudumu ya kwenda ubaoni wakati wowote, na mwalimu akiandika asome kwa sauti anachoandika. Hiyo ya kusoma kwa sauti ikawasaidia na wengine ishirini wa nyuma ambao hawakuwa na ulemavu wowote. Pili, mama yake na nesi waende kliniki ya macho na kuulizia losheni ya kukinga jua, Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino na inagawiwa kwenye kliniki za maeneo mengi, na kofia pana ya kuvaa mpaka kwenye paredi, siyo kuivua eti ni sare.

Kikao kilichofuata ndo tukaongeza fotokopi za maandishi makubwa, na mwalimu akaandika kwenye taarifa zake kwamba mtoto ana uoni hafifu ili akifika kusajiliwa mtihani wa darasa la saba isiwe mshangao. Baraza la Mitihani lina karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na wenye mahitaji maalumu wanaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, lakini kama shule haikumuandika wakati wa usajili mtoto anakaa na karatasi ya kawaida na muda wa kawaida, na aliyemuangusha ni sisi.

Mkizoea mtaona majibu mengi ni ya bei ya chini. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye penseli inamponyoka, kata kipande cha ndala ya zamani, toboa katikati, pitisha penseli, ameshapata mshiko mnene. Miguu inaning'inia kwenye dawati, weka tofali au boksi chini, mwili ukitulia na mkono unatulia. Mtoto mwenye usonji anayepiga kelele kengele ikilia, mwambieni kabla haijalia, mchoreeni picha za ratiba ya siku kwenye boksi la biskuti zikae kwa mstari, akimaliza kipindi anageuza picha. Mtoto "mkaidi" asiyeitika, angalia sikio, kama linatoa usaha hiyo ni zahanati wiki hii hii, usaha wa muda mrefu unaua usikivu na watoto wengi wangepona wakiwahi. Haya hayakutoka kwa mtaalamu mmoja, kila moja lilitoka kwa mtu tofauti kwenye chumba, la ndala lilitoka kwa baba mmoja fundi viatu.

Hatua ya tano, msijifanye madaktari

Mwalimu haandiki kwamba mtoto ana usonji. Mwalimu anaandika kwamba mtoto haangalii usoni, anarudia maneno, anaziba masikio kukiwa na kelele. Jina la hali linatolewa na aliyesomea kupima, sisi tukimbandika mtoto jina linamfuata mpaka anaoa.

Kwa kutambua nani anahitaji kuangaliwa tumieni yale maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: je ana ugumu wa kuona hata akivaa miwani, wa kusikia hata akiwa na shimesikio, yani kifaa cha kusaidia kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka au kuzingatia, wa kujihudumia kama kuoga na kuvaa, wa kuwasiliana yani kuelewa na kueleweka. Majibu ni manne, hakuna ugumu, kuna ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Uzuri wake hayataji neno ulemavu, mzazi anayeficha atajibu. Kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17 yapo marefu zaidi, UNICEF na hao Washington Group waliyatoa 2016, yanagusa mpaka wasiwasi na kupata marafiki, hayo ni mazuri zaidi kama mna muda.

Afu tengenezeni daftari la huduma. Kurasa chache tu, huduma gani, iko wapi, siku gani, nauli shilingi ngapi kwenda na kurudi, barua ya rufaa inahitajika au hapana, na nani kwenye kikundi ameshawahi kufika. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, hospitali ya mkoa, afisa ustawi wa jamii, kituo cha upimaji cha elimu maalumu kama kipo karibu. Nauli iandikeni kabisa mana mzazi akiambiwa tu "mpeleke hospitali kubwa" anaitikia ndiyo mwalimu, anaenda nyumbani, na hana hiyo laki.

Hatua ya sita, wazazi

Kuna wazazi wamefunga watoto ndani, na kabla hujakasirika jiulize wameshaambiwa nini. Mama ameshaambiwa ni laana, ameshaachwa na mume, amezunguka kwa waganga ameuza mbuzi, ameenda shule akaambiwa hapa hatuna mwalimu wa hao. Ukifika usifike na watu watano na daftari kama sensa. Wende wawili, na mmoja awe mzazi mwenzake mwenye mtoto kama huyo. Piga hodi, kaa chini alipokaa yeye, kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo, msalimie na mtoto kwa jina lake. Siku ya kwanza usitaje shule. Mama mwanachama wetu mmoja ana maneno yake akifika, anasema "mama Fulani, na mimi wangu nilimficha miaka minne, nimekuja tu tuongee." Hamna semina inayoweza kufanya kazi ya hilo neno.

Akikubali mtoto kuja shule, wiki ya kwanza mama akae darasani au barazani kama anataka. Anajua mtoto akikunja vidole inamaanisha choo, anajua chakula gani kinampalia. Andikeni hayo kwenye karatasi moja ikae kwa mwalimu wa darasa.

Na wazazi wa watoto wengine watakuja pia, watasema mtoto wangu atarudi nyuma, au huyo mwenye kifafa atamuambukiza wangu. Wajibuni kwa adabu kwenye mkutano wa wazazi na muwe na nesi wenu pale aseme mwenyewe kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Akisema nesi wanasikia kuliko ukisema wewe.

Hatua ya saba, grupu la WhatsApp

Lifungueni baada ya kikao cha tatu, siyo kabla, la sivyo kikundi kinakuwa ni grupu na salamu za asubuhi. Picha ya mtoto haitumwi. Jina kamili halitumwi. Hata kama ni picha nzuri anacheka, hata kama mzazi anapenda, mtu ataisambaza na haitarudi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, habari za afya za mtoto siyo mchezo. Andika "mtoto wa darasa la tatu shule B". Na kumbuka wanachama wenu, ukituma voisi kiziwi hajapata kitu, iandike pia. Ukituma picha ya tangazo lenye maandishi asiyeona simu yake haitaisoma vizuri, yaandike maneno yenyewe chini ya picha. Walimu wengi wana vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa, humo hifadhini vifaa vya kufundishia, habari za watoto zibaki kwenye daftari la karatasi linalofungiwa kabatini.

Pesa

Sijaipa namba mana siyo hatua. Anzeni na nauli ya mkalimani na fotokopi, mchango mdogo kila mtu anaoweza, wazazi msiwadai. Shirika likija na posho mfikirie sana, nimeona vikundi vizuri vikazoea posho, projekti ikaisha na watu wakaisha nayo. Pokeeni vifaa, pokeeni mafunzo, mkalimani alipwe, posho ya kukaa kwenye kiti ikataeni kwa heshima. Kwa watu wazima wenye ulemavu kwenye kata waelekezeni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Rampu na choo ni vya bajeti ya serikali, msijenge kwa michango mpaka mmeomba. Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mipango inaandikwa miezi mingi kabla, ukienda Mei umechelewa, pelekeni maombi Oktoba kupitia kamati ya shule na diwani, yakiwa na idadi kutoka kwenye daftari lenu: watoto watatu wa viti mwendo, choo chenye mlango wa sentimita sitini, kiti hakipiti. Namba za namna hiyo diwani anazisema kikaoni bila kusoma.

Hatua ya nane, walimu wanahama

Watahamishwa, na mara nyingi yule anayejua zaidi. Kwa hiyo kila kazi iwe na watu wawili, msimamizi na msaidizi wake, na wabadilishane kila miezi sita. Lugha ya alama isibaki kwa mtu mmoja, sisi tunajifunza alama kumi kila kikao dakika tano za mwanzo, mwalimu wetu ni yule fundi cherehani kiziwi, na sasa hivi hata mpishi wa shule anaweza kumuuliza mtoto umeshiba.

Na kikao cha Januari msilete kisa kipya, hicho ni cha kukabidhi. Kila mtoto mliyemjadili mwaka uliopita mwalimu wake wa zamani anakaa na mwalimu wake mpya robo saa na ile karatasi moja, anakaa wapi, anaona nini, kidole kikikunjwa inamaanisha nini, nini kilijaribiwa kikashindikana. Aliyemaliza la saba karatasi yake inapelekwa kwa mkono sekondari aliyopangiwa, na anayeipeleka ni mzazi pamoja na mwanakikundi mmoja, kabla ya siku ya kuripoti, mana siku ya kuripoti kuna foleni na hakuna atakayewasikiliza.